Utakula nini hiyo miaka mitatu?

Mwaka 2015 nilipanda miche 340 ya kahawa ya arabika kwenye nusu ekari aliyoniachia baba, huku Kapchorwa, Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Hamu niliyokuwa nayo ilikuwa inaninyima usingizi. Nilikopa pesa, nikalipa vijana wachimbe mashimo yote kwa wiki moja, nikafyeka migomba ya mzee ili kahawa ipate nafasi. Jirani yangu, mama aliyelima kahawa tangu ujana wake, alisimama pembeni akiitazama ile migomba iliyolala chini.

"Mwanangu," akaniuliza, "sasa utakula nini hiyo miaka mitatu?"

"Nitavumilia, mama," nikamjibu. Na niliamini kabisa kwamba hilo ni jibu.

Arabika huchukua karibu miaka mitatu tangu kupandwa hadi mavuno ya kwanza ya kueleweka, na huku kwetu msimu mkubwa ni mmoja kwa mwaka. Mkopo wangu ulidai malipo kila mwezi. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu angeiona. Kufika Agosti nilikuwa Mbale nabeba magunia sokoni ili nilipe deni, na shamba likaachiwa nyasi. Kiangazi cha Desemba hadi Februari kikaikuta miche haina matandazo, haina kivuli, haina mtu. Niliporudi niliushika mche mmoja, ukakatika mkononi kama njiti ya kiberiti. Zaidi ya nusu ilikuwa hivyo.

Watu wakasema sina uvumilivu. Iliniuma sana, kwa sababu moyo nilikuwa nao. Nilichokosa ni masurufu ya safari. Naandika haya kwa ajili ya yule aliyeacha masomo ya uhasibu mwaka wa pili na bado anajiita mvivu, na yule aliyefunga duka lake baada ya miezi tisa. Ndugu yangu, kabla hujajihukumu, angalia ulipoanza safari ulikuwa umefunga chakula cha siku ngapi.

Tarehe 26 Machi 2017 tulijazana kwenye kibanda cha video kutazama mbio za nyika za dunia zilizofanyika Kololo, Kampala. Joshua Cheptegei, mtoto wa hapa hapa Kapchorwa, alikuwa anaongoza peke yake. Kibanda kizima tulikuwa tumesimama. Mzunguko wa mwisho miguu ikamgomea. Tukamwona anayumba, anapitwa na wa kwanza, wa pili, wa kumi. Akamaliza wa 30. Tulirudi nyumbani kimya, na njia nzima mimi nilikuwa nawaza miche yangu. Nani angethubutu kusema yule kijana hakuwa na moyo? Nguvu zilimwishia kabla ya mstari, basi.

Mvua za Aprili ziliposhika nikaanza upya, safari hii na miche 60 tu. Shimo futi mbili kwa mbili, kina futi mbili. Udongo mweusi wa juu unauweka upande huu, ule wa chini upande ule, kisha unarudisha kwanza mweusi uliouchanganya na samadi. Nilichimba mashimo matatu kila asubuhi kabla ya kwenda kibaruani. Kwa nini matatu? Kwa sababu matatu nilikuwa nayaweza hata siku niliyoamka mwili mzima unauma. Hapo ndipo ninapomshauri kila mtu aanzie: kadiria kazi yako kwa siku yako mbaya, maana siku nzuri haihitaji mpango.

Mama jirani akanipa machipukizi ya migomba, nikayapanda katikati ya kahawa, na maharage chini yake. Mgomba ukaipa kahawa kivuli, majani yake makavu yakawa matandazo, na mikungu ikalisha nyumba. Sikukopa tena. Kila mwaka niliongeza miche kidogo, kadiri mfuko ulivyoruhusu.

Tarehe 7 Oktoba 2020, kule Valencia, Hispania, Cheptegei alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11. Rekodi hiyo ilikuwa imesimama tangu 2005. Kutoka Kololo hadi Valencia ni miaka mitatu na nusu, na ndani yake kuna asubuhi nyingi mno ambazo hakuna kibanda kilichojaa watu. Wiki hiyo mimi nilikuwa navuna. Jioni nilimimina kahawa mbivu kwenye ndoo ya maji. Nyepesi zikaelea nikaziengua, nzito zikazama. Niliingiza mkono hadi kiwiko nikazishika, na nikakaa hivyo kwa muda, bila kazi yoyote, nikizishika tu.

Mwezi uliopita mjukuu wa yule mama alikuja kuniomba miche 300. Nikamuuliza swali la bibi yake. Akanyamaza, akaondoka hata bila kuaga vizuri. Jumamosi asubuhi nilifungua mlango nikamkuta amesimama uani, machipukizi manne ya migomba kichwani, akiyapeleka shambani kwake. Nimempa miche 40.