Jibu: Kifurushi cha roming kwenye meli ya utalii

Habari ndugu. Umeuliza kama kifurushi cha roming (cha kutumia laini yako ukiwa nje ya nchi) ulichonunua hapo Dodoma kitafanya kazi kwenye meli ya utalii itakayotoka Barcelona kuzunguka Mediterania. Bandarini ndiyo, kama nchi hiyo imo kwenye orodha ya kifurushi. Katikati ya bahari usikitegemee.

Nimefanya kazi jikoni kwenye meli za aina hiyo. Ikishaacha nchi kavu, minara ya mjini inapotea na simu inanasa mtandao wa meli yenyewe, unaopitia setilaiti, na bei yake haina huruma. Juu ya kioo utaona jina geni, mfano Cellular at Sea. Ukiliona huku data iko wazi, gharama inapaa hata simu ikiwa mfukoni, maana picha zinajipakia zenyewe.

Kwa hiyo kabla nanga haijang'olewa, washa alama ya ndege, inayozima mtandao wa simu, kisha washa waifai peke yake. Waifai ya meli inalipiwa; mara nyingi ni nafuu ukiinunua mtandaoni kabla ya kupanda. WhatsApp itaendelea kwa namba yako ileile. Zima upakuaji wa video wa moja kwa moja, magrupu ya kamati za harusi yanajulikana.

Halafu hili wengi hawalifikirii: SMS ya benki yenye namba ya kuthibitisha malipo haiingii ukiwa umewasha alama ya ndege. Ada za watoto na umeme wa LUKU wa nyumbani maliza kulipia kabla hujaondoka. Mkifika bandari nyingine, zima alama ya ndege, hakikisha jina la mtandao ni la nchi hiyo, ndipo upige.