Je, Nisubiri Mwaka wa Mwisho Ndipo Nitafute Ushauri wa Ajira?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasoma mwaka wa pili wa shahada ya biashara. Je, niende sasa katika ofisi ya chuo inayoshughulikia ajira, au nisubiri mwaka wa mwisho?

JIBU: Nenda sasa. Kampuni kubwa za ukaguzi wa hesabu na benki za uwekezaji huajiri wahitimu wengi kutoka miongoni mwa waliofanya mafunzo kwa vitendo kwao, na maombi ya nafasi hizo mara nyingi hufungwa miezi mingi kabla ya mafunzo kuanza. Washauri wa ofisi hiyo hawagawi kazi, ingawa wapo wanaodhani hivyo. Wao huusoma wasifu wako kwa jicho la mwajiri, hukufanyia usaili wa majaribio na hukukutanisha na wahitimu waliokutangulia. Usiandike tu kwamba ulikuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi: eleza bajeti uliyoisimamia na kilichobadilika chini ya usimamizi wako. Ukiitwa kwenye usaili, soma taarifa ya fedha ya mwaka ya kampuni husika, jambo ambalo, kwa maoni yangu, wanafunzi wa biashara hulipuuza bila sababu. Uliza pia iwapo huduma hizo huendelea baada ya kuhitimu, kwani vyuo vingi huruhusu.