Viti 60,000, choo hakina maji

AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, inabisha hodi Tanzania, Kenya na Uganda, na kila anayeniandikia sasa ni injinia wa viwanja. Haya, tuanze.

Kwa nini tusijenge uwanja wa watu 100,000 tuwafunge mdomo Wakenya? (Mbagala)

Kwa sababu Uwanja wa Mkapa wenyewe, Dar es Salaam, watu 60,000, hujaa siku ya watani Simba na Yanga na mechi chache za CAF. Siku nyingine mtu akikohoa jukwaa la Mzunguko, VIP wanamwambia pole. Uwanja wa Talanta wa Nairobi nao ni wa 60,000. Swali hili naomba tulizike.

Uwanja mpya wa Arusha utaingiza watu wangapi? (Moshi)

Elfu 30. Soma magazeti, ndugu yangu.

Mkoani kwetu tumeahidiwa uwanja. Mchoro ukiletwa, tuangalie nini kwanza? (Tabora)

Angalau kuna mtu kauliza la maana. Usihangaike na paa wala rangi ya viti. Hesabu milango ya kutokea. Mwongozo wa Waingereza wa usalama viwanjani unataka watu wawe wametoka majukwaani ndani ya dakika 8 kwa kawaida. Machi 2021, wakati wa kumuaga Rais Magufuli pale Uwanja wa Uhuru, watu 45 walikufa kwa kukanyagana. Mei 2023, siku ya Yanga na USM Alger, shabiki mmoja alipoteza maisha kwenye msongamano nje ya Mkapa. Hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kukosa kiti.

Kisha uliza maji. Kuna uwanja mmoja, siutaji, niliingia chooni wakati wa mapumziko nikakuta bomba limekauka na wanaume tumepanga foleni tukisubiri kopo moja lililofungwa kamba ya katani. Kina mama waliokuwa upande wa pili sikutaka hata kuwaza.

Umeme je? Aprili 2023 taa zilizimika Mkapa, Yanga wakicheza na Rivers United, Afrika nzima ikitutazama. Jenereta kuwepo hakutoshi. Uliza inachukua sekunde ngapi kuwaka, na ufunguo anao nani.

Si bora nyasi bandia, hazina gharama? (Kahama)

Nani kakudanganya? Zinachakaa, zinang'olewa, zinanunuliwa upya, na jua la saa nane likizipiga zinachoma nyayo. Nyasi za asili zinataka mchanga sahihi chini, mifereji ya kupitisha maji, na kupumzishwa. Hilo la kupumzishwa ndilo linalotushinda: Simba wanataka, Yanga wanataka, Taifa Stars wanataka, halafu anakuja mtu na jukwaa la muziki na malori.

Kwa hiyo matamasha yapigwe marufuku? (Temeke)

Kwenye nyasi, ndiyo.

Njia ya riadha inatuweka mbali na mpira. Ing'olewe? (Ubungo)

Mkapa, hapana. Nchi iliyomtoa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, ikimbilie wapi, barabarani na bodaboda? Viwanja vipya vya mpira peke yake sawa, ila wanariadha nao wajengewe chao kabla hamjapiga makofi.

Lini uwanja mpya utakamilika? (kumi na wawili wenu)

Muulizeni mkandarasi. Mimi sina koleo.