Mwarobaini, chembe nano na kuvu wa ngano
Je, chembe nano, yaani chembe ndogo mno, zinazotengenezwa kwa majani ya mwarobaini huua kuvu wa ngano kwa nguvu ya mwarobaini? Hapana, kinachoua kuvu hapo hasa ni madini ya fedha, wala si mwarobaini wenyewe. Maji ya majani hayo huchanganywa na chumvi ya fedha, kisha kemikali za mmea, zikiwemo fenoli, huzigeuza ayoni za fedha (atomi zenye chaji ya umeme) kuwa chembe ngumu ambazo kwa kawaida hazizidi nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Tafiti zilizochapishwa kuhusu Fusarium graminearum, kuvu anayeshambulia masuke ya ngano, zinaeleza kwamba chembe za fedha huharibu utando wa seli zake. Hata hivyo, sehemu kubwa ya majaribio hayo imefanyika maabara, si shambani penye mvua na jua kali, na fedha inayobaki udongoni huweza kudhuru hata vijidudu vyenye manufaa.