Bima ya mafundi imepanda, nitaishushaje?

SWALI: Assalam aleikum mhariri. Mimi nina kampuni ndogo ya kukarabati nyumba za mawe hapa Amu, niko na mafundi na vibarua 14 na karani mmoja wa ofisini. Juzi nilipoenda kulipia tena bima ya WIBA, ile ya wafanyakazi wakiumia kazini, nikakuta premiamu (ada ya bima) imepanda karibu nusu ya ile ya mwaka jana, ajenti aniambia ni sababu ya klemu tatu, yaani madai ya fidia. Mmoja alianguka na jukwaa, mwengine chokaa ilimwingia jichoni na wa tatu akaumia mgongo akiteremsha mawe kutoka Manda. Sasa kuna rafiki yangu ameniambia niandikishe watu sita tu, wale wengine niwaite vibarua wa siku, ati hapo premiamu itashuka yenyewe. Yafaa kweli? – Mwenye mafundi, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salam ndugu yangu. Hilo la rafiki yako liache kabisa, na ntakwambia kwa nini kabla hatujafika kwenye mambo ya kushusha bei, maana hapa ndipo mabosi wengi wa pwani wanaungulia.

WIBA ni sheria ya Kenya ya 2007 na kwa sheria hiyo mtu akiwa anakufanyia kazi kwa malipo wewe ndiye mwenye dhima yake akiumia kazini, uwe umemwandikisha kwenye bima au hukumwandikisha. Hilo jina la kibarua halikusaidii, na tena Sheria ya Ajira inasema kibarua akikufanyia kazi mfululizo ikafika mwezi anahesabika ni wa mshahara wa mwezi. Sasa piga hesabu na mimi. Kibarua wa shilingi 1,000 kwa siku, siku 26, ni 26,000 kwa mwezi. Akifa kazini, Mungu apishe mbali, au akilemaa asiweze tena kufanya kazi maishani, fidia ni mapato ya miezi 96, yaani shilingi 2,496,000. Kama uliandikisha sita na wanaofanya kazi ni 14, kampuni ya bima itataka kuona daftari lako la mishahara, ikiona hivyo inaweza kulipa sehemu au isilipe kitu, na hizo pesa zote zinarudi kwako. Mimi nimekaa kwenye kazi ya bima miaka mingi na nimewahi kukaa kwenye mkeka na mjane ambaye bosi wa mumewe alificha watu hivyo hivyo. Hakuwa mtu mbaya yule bosi, alitaka kuokoa pesa kidogo tu, lakini yule mama alikaa na watoto anangoja na bosi anauza jahazi lake ili alipe. Sitaki uwe wewe.

Haya tuje kwa bei. Premiamu ya WIBA inatoka kwa mambo matatu: mishahara ya mwaka mzima, hatari ya kazi yenyewe, na historia yako ya klemu. Hiyo ya tatu ndio imekupiga na ndio unayoiweza zaidi, kwa hivyo chukua zile klemu tatu uziweke mezani uzisome kama daktari anavyosoma karatasi ya mgonjwa.

Ya jukwaa. Majukwaa yetu mengi bado ni boriti na kamba, na boriti si mbaya, ubaya ni kamba ya mwaka juzi iliyoliwa na jua na chumvi, na mbao mbili zimewekwa pale ambapo panataka nne, na hakuna kizuizi cha kumshika mtu akiteleza. Weka mtu mmoja, fundi mkubwa anayeheshimiwa, kila asubuhi akague fundo moja moja kabla ya yeyote kupanda na aandike kwenye daftari kwamba amekagua. Na kwa sababu kazi yako ni nyumba za zamani, kuna kitu ambacho hukukiandika lakini nakijua: dari. Boriti za miaka mingi zinaoza kwenye ukuta pale ambapo huoni, juu ziko sawa na kichwani mwake ni unga mtupu, na juu yake kuna mawe na chokaa vya uzito wa kuua watu watatu kwa mara moja. Usimwingize mtu chini ya dari kabla hujaiegemeza kwa nguzo, hata kama mwenye nyumba ana haraka ya kumaliza kabla ya Maulidi.

Ya jicho ni miwani tu. Chokaa ikiingia jichoni inaunguza na kila dakika inaharibu zaidi, kwa hivyo pale wanapochanganya kuwe na mtungi wa maji safi wa kuoshea, sio maji ya bahari na sio yale ya ndoo ya kuchanganyia, mtu aoshwe hapo hapo kwa muda mrefu halafu ndio apelekwe hospitali ya King Fahd. Miwani, glavu, helmeti na viatu ni juu yako kununua, sio kumkata mtu mshahara, na ukinunua hakikisha vinavaliwa. Najua watasema joto. Wewe bosi vaa kwanza uwe mbele yao.

Ya mgongo ni kupanga kazi tu: mawe yakifika yateremshwe maji yakijaa ili chombo kikaribie gati, watu wapokezane mkono kwa mkono badala ya kila mtu kubeba peke yake juu ya ubao, na kutoka hapo punda wafanye kazi yao.

Kitu kingine kinachopandisha klemu ni kuchelewa. Kidonda kilichooshwa siku ile ile ni bandeji, kile kile kikiachwa wiki kinaingia usaha na mtu anapelekwa Mombasa analazwa, na yote hayo yanaandikwa kwenye historia yako. Weka sanduku la huduma ya kwanza kila saiti na mtu aliyefunzwa kulitumia. Ajali ikitokea mjulishe ajenti siku hiyo hiyo na upeleke ripoti kwa DOSHS, ofisi ya serikali ya usalama na afya kazini, ndani ya siku saba, na akifa mtu ni ndani ya saa 24. Usifiche ajali ndogo. Ikifichwa leo halafu jamaa akazidiwa baada ya miezi, hapo ndio kesi zinaanza na mambo ya mawakili, na wakili hana bei ndogo.

Na aliyeumia usimwache nyumbani tu mpaka apone kabisa kama daktari ameruhusu kazi nyepesi. Yule wa mgongo anaweza kuhesabu mawe yanayoingia, kushika funguo za stoo, kufundisha vijana kupiga lipu. Mshahara wa mtu asiyeweza kazi unaweza kulipwa hadi miezi 12 na bima inahesabu kila mwezi huo, kwa hivyo akirudi mapema kwa kazi anayoiweza klemu inakuwa fupi, na yeye mwenyewe roho inatulia maana mwanamume kukaa barazani mchana kutwa si raha.

Kuhusu makaratasi: mtenganishe karani wako na mafundi kwenye fomu, rate (kiwango cha ada) ya mtu wa ofisini ni ndogo kuliko ya mtu wa jukwaani. Halafu mishahara unayoandika mwanzo wa mwaka ni makadirio, mwisho wa mwaka unatakiwa kupeleka ile halisi uliyolipa. Wengi hawapeleki. Kuna miezi kazi inasimama, basi kama ulikadiria milioni 4 ukalipa milioni 3 peleka hesabu udai tofauti, japo kampuni nyingi zina kiwango cha chini ambacho hawashuki. Na mwezi mmoja kabla bima haijaisha omba bei kwa kampuni tatu zenye leseni, uende na barua ya historia ya klemu na picha za jukwaa jipya na lile daftari la ukaguzi. Mwaka huu huenda isishuke sana, klemu hazifutiki kwa siku moja, lakini mwaka ujao utakuwa na kitu cha kuongea nacho.

SWALI: Nina gesti Malindi, wafanyakazi 9, ajenti ameniwekea rate moja kwa wote. Ni sawa? – Mama Gesti

JIBU: Si sawa dada yangu. Mpishi anashika mafuta ya moto, mlinzi anakesha nje, wa risepshen anashika kalamu. Mwambie awagawe kwa kazi zao akuandikie upya, na kama hataki tafuta ajenti mwengine.

SWALI: Bosi anatukata 200 kila mwezi anasema ni ya WIBA. Ni haki? – Kibarua, Magarini

JIBU: Hapana kaka. Bima hii sheria imemtwika mwajiri peke yake. Weka karatasi zote za mshahara zinazoonyesha makato, nendeni wawili au watatu pamoja kwa ofisi ya leba, msiende kwa hasira. Na kama kuna mwenzenu aliyeumia hapo na hajalipwa mwambieni asingoje, klemu inatakiwa ipelekwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali.