Umepangiwa neno kwenye jumuiya na hujasoma chuo cha Biblia? Soma sura nzima kwanza

Mkuu umeuliza ufanyeje maana umepangiwa kuongoza neno, yaani kufundisha Biblia, kwenye jumuiya wiki ijayo, kichwani una mstari mmoja tu Yeremia 29:11, na unaogopa usije ukapotosha watu. Hiyo hofu usiifukuze, Yakobo 3:1 inasema walimu hukumu yao ni kubwa zaidi, mi wanaonipa wasiwasi ni wale wanaosimama hawaogopi chochote.

Mi ni muumini wa kawaida tu, KKKT (Walutheri wa Tanzania), jumuiya yetu tunasali Jumamosi alfajiri sebuleni kwa watu kwa zamu, na neno nalo ni zamu so limeshaniangukia sana. Ninachoshika ni kimoja, sifundishi mstari ambao sura yake sijaisoma yote, na ikiwezekana na ile ya kabla yake.

Chukua huohuo wa kwako. Uko kwenye kadi za harusi, kwenye status, nyuma ya daladala, "mawazo ya amani wala si ya mabaya". Sasa rudi sura ya 28. Kuna nabii anaitwa Hanania anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anatangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka wote watakuwa wamerudi kutoka Babeli, halafu anaivunja ile nira ya mti aliyoivaa Yeremia shingoni kama ishara ya kuwa chini ya Babeli, we fikiria amina za siku hiyo! Yeremia yeye anawaandikia barua hao mateka walioko uhamishoni Babeli, jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni mzae watoto, uombeeni huo mji mliopelekwa, maana ni miaka 70. Miaka 70 iko mstari wa 10, yaani ule wa kwako umekaa hapohapo chini yake. Ahadi ni ya kweli kabisa ila watu wazima wengi walioisikia mara ya kwanza wasingeishi kuiona, ingewakuta watoto na wajukuu zao. Hanania wa miaka miwili alikufa mwaka uleule.

Nilipofundisha hivyo mama mmoja mwenye genge la mboga akanibana, "Sasa mwanangu, kwa hiyo hilo neno sio letu?" Swali zuri sana hilo na usilikimbie. Sikumhubiria, nikamwomba atusomee tena mstari wa 5 mpaka wa 7 kwa sauti, akasoma taratibu na miwani yake, akanyamaza kidogo akasema "kumbe wanasubiri huku genge liko wazi". Asubuhi ile hakuna aliyesema kitu kizuri kuliko hicho, mimi nikiwemo.

Upande wa uponyaji ndo uwe makini zaidi. Kuna siku alikuja mgeni akasoma Isaya 53:5, "kwa kupigwa kwake sisi tumepona", akamalizia kwamba anayeendelea kumeza dawa bado hajaamini. Na pale ndani kuna mzee wa presha na dada wa sukari. Mzee wetu wa kanisa hakubishana naye, alisubiri amalize akaomba tufungue 1 Timotheo 5:23, Paulo anamwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara, tukaenda 2 Timotheo 4:20, Trofimo kaachwa Mileto anaumwa, tukaishia Wakolosai 4:14 kwa Luka tabibu. Tukawaombea wagonjwa, na yule dada akaambiwa mbele ya wote asiache dozi. Wanaosema kumeza dawa ni kukosa imani wakumbuke Shakahola kule Kilifi, Kenya, 2023, waumini walifunga mpaka wakafa, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni.

Zaka nayo. Malaki 3:10 inasomwa karibu kila wakati wa sadaka lakini 3:5, juu kidogo tu ya hapo, Mungu anasema anakuja kuwashuhudia wanaomdhulumu mwajiriwa mshahara wake, mjane na yatima. Mi zaka natoa wala sipingi, ila ukisoma ule soma na huu, haswa kama sebuleni mmekaa mnasubiri chai kutoka kwa dada wa kazi ambaye hajalipwa tangu mwezi juzi.

Ukiulizwa kitu hujui sema hujui, kamuulize mchungaji kweli na jibu ulirudishe jumuiya, watu huwa wanakumbuka. Na Ufunuo waachie wengine kwanza. Kama Yeremia inakuzidi muda umebana, chukua Filemoni, sura moja mistari 25, inasomwa yote hapohapo kila mtu na Biblia yake kwa hiyo hata ukitaka kuchomoa kamstari utaonekana. Halafu leta mrejesho.