Jibu: Solina ilitokaje wilaya ya Bieszczady?
Ndugu, umeuliza mbona ramani yako ya mwaka 2000 inaiweka kata ya Solina ndani ya wilaya ya Bieszczady, kule Poland, na mpya haiiweki. Wilaya iligawanywa. Januari 1, 2002 mji wa Lesko ulipewa wilaya yake, ukaondoka na Solina na bwawa lake, Cisna na Baligród. Bieszczady ikabaki na kata tatu tu: Ustrzyki Dolne (makao makuu), Czarna na Lutowiska. Hii ya mwisho karibu yote ni misitu, watu wa kuhesabu. Mlima Tarnica, mita 1,346, uko huko, jirani na Ukraine. Tena ukikuta ramani ya 1950 inaonyesha Ustrzyki Dolne iko Umoja wa Kisovieti, usidhani imekosewa. Poland iliupata mji huo 1951, nchi hizo zilipobadilishana maeneo.